Jicho la Khatibu

Tumu alijua kabla hajaambiwa. Alijua mchana wa Jumatano ile, alipomsogezea Khatibu bilauri ya shurubati ya ukwaju upande wake wa kushoto, na mkono wa Khatibu ukapapasa hewani kama mkono wa mtu aliye gizani. Jua lilikuwa limewaka uani hata kuku wamejificha.

"Shurubati yako hiyo," alisema Tumu.

"Naiona," alijibu Khatibu, naye alikuwa akilitazama jiko.

Walikuwa wameketi kwenye mkeka uani kwa Bi Nana, Likoni. Bi Nana ndiye shangazi aliyemlea Tumu tangu mamake alipofariki, na siku hiyo alikuwa mlangoni mwa jiko akipepeta mchele wa akdi. Mgongo aliwapa wachumba, lakini masikio hakuyageuza. Ndivyo adabu ilivyotaka: mchana kweupe, uani, na mtu mzima karibu. Akdi ya ndoa yao ilikuwa ifungwe Ijumaa baada ya Alasiri. Jumamosi Khatibu apande garimoshi kwenda Nairobi, na kutoka huko apande ndege na wenzake waende Australia, mji wa Perth, kuliko na Michezo ya Madola. Harusi yenyewe, ya ngoma na kuingia nyumbani, ingengoja arudi.

Tumu alikuwa amepakata kofia aliyomshonea kwa mkono, kofia ya akdi, imebaki duara moja tu kumalizika. Alimtazama Khatibu akiipapasa ile bilauri mara ya pili. Moyo wake ukamwambia neno ambalo hakutaka kulisikia.

"Nitungie uzi," alisema, akimpa sindano.

"Mimi? Mwanamume mzima nitunge uzi?"

"Mwanamume mzima anakwenda kupigana mbele ya mataifa, sindano yamshinda?"

Bi Nana akacheka kule jikoni. "Mtungie, baba! Ukishamuoa atakutungisha mengi."

Khatibu akaichukua sindano. Akageuza kichwa upande, kama jogoo anayeiangalia punje, akautunga uzi kwa jicho la kulia. "Haya. Umeridhika?"

Tumu hakuridhika. Aliinuka kama anayetaka kupima kofia, akamvika, kisha polepole akaivuta chini mpaka ikalifunika jicho lile la kulia. Akauchomoa uzi sindanoni.

"Tunga tena."

Khatibu hakutikisika. Mikono yake, mikono iliyozoea kubeba magunia bandarini Kilindini na kuwaangusha watu ulingoni, ilibaki imeinuliwa mbele ya uso, sindano huku, uzi kule, wala havikukutana. Sindano ikaanguka kwenye sinia la shurubati, ikalia.

"Nivue kofia, Tumu," alisema kwa sauti ya chini.

Alimvua, akaketi.

"Tangu lini?"

"Tangu Nakuru."

Nakuru ndiko walikochaguliwa mabondia wa timu. Khatibu alishinda, na Likoni nzima ilijua kwamba alishinda. Kumbe katika raundi ya mwisho, kabla hajamwangusha mpinzani wake, alikuwa amekwisha kupigwa konde moja la pembeni ya jicho.

"Nikaona umeme," alisema. "Kisha inzi weusi wakawa wanapita. Nikawafukuza, wakati hapana inzi. Sasa ni kama mtu ateremshaye pazia, Tumu. Kila juma lashuka kidogo."

"Nani ajuaye?"

"Ngumbao peke yake."

Ngumbao alikuwa kijana wa Kigiriama, dresa, mfunga vidonda wa hospitalini, na jioni ndiye aliyemshikia Khatibu taulo na ndoo kwenye ukumbi wa ngumi wa Changamwe. Mtu wa maneno machache.

"Amesemaje?"

Khatibu akainywa shurubati yote kwa mkupuo mmoja.

"Khatibu, nakuuliza. Ngumbao amesemaje?"

"Amesema konde moja likitua pahala pake, taa itazimika. Na pengine madhara yasiishie kwenye jicho. Asema yuko daktari Nairobi anayeyashona macho kwa ndani, lakini asikawie mtu." Akainua bega. "Ngumbao si daktari."

"Na daktari wa timu je? Hakukupima?"

Hapo Khatibu akatabasamu, tabasamu lile lililomfanya Tumu asilale miezi mitatu ya kwanza ya kujuana kwao. "Alinipima. Akanambia ziba jicho la kushoto usome herufi za ukutani. Nikaliziba kwa mkono wa kushoto, nikasoma. Akanambia badilisha. Nikabadilisha mkono, si jicho."

Kicheko kilimpanda Tumu kooni na hapo hapo kikageuka kuwa kitu kingine. Alijibana mdomo kwa upande wa leso yake. Alimwona akitembea na kijiti. Alimwona akiongozwa kwa mkono pale kivukoni, watu wakimpisha, wakinong'ona kwamba huyo ndiye yule Khatibu. Na zaidi ya hapo alimwona amelala chali juu ya turubai, katika nchi ambayo hata maiti yake isingerudi kwa siku nyingi.

"Usiende," alisema.

"Tumu."

"Usiende. Waambie. Wamtafute mwingine."

"Wa pwani ni mimi peke yangu. Timu nzima haijai hata basi moja, na humo ndani nimo mimi, mwana wa Bakari mchukuzi. Wewe wajua ni nini kwa mtu kama mimi kupita nyuma ya bendera, nimevaa koti lile?"

"Koti!"

"Eeh, koti. Babako alinambia nini nilipoleta posa?"

Tumu alikuwako nyuma ya pazia siku hiyo. Mzee Shee, babake, mpika halua asiyependa maneno mengi, alisema: sitamuozesha mwanangu mtu wa kupigwa. Posa ikarudi. Ikaenda tena, ikarudi tena. Ndipo Khatibu akateremka kwenye feri siku moja na koti la timu, kijani, nembo kifuani, na watu wakaanza kumpa Mzee Shee mkono dukani kwake wakimwuliza kama kweli huyu ndiye mkwewe. Posa ya tatu haikurudi.

"Lililoposa ni koti, si mimi," alisema Khatibu. "Nikilivua leo, Ijumaa hapana akdi. Nimekutaka miaka mitatu. Jicho moja si bei kubwa."

"Nani aliyekwambia mimi natafutiwa bei?"

Khatibu alimgeukia. Ili kumwona Tumu ilimbidi azungushe uso wote, na Tumu, aliyewahi kudhani kwamba tabia hiyo mpya ni mapenzi, akaelewa. Lile jicho zima lilimtazama bila kupepesa, kahawia, lenye maji. Lilimpitia paji la uso, likashuka mashavuni, likakaa midomoni kama linalokariri.

"Niapie hutamwambia mtu habari ya jicho langu."

"Usiniapishe."

"Niapie. Ukimwambia mtu mmoja tu, mimi sina uso wa kurudi katika nyumba hii."

Ungo wa Bi Nana ulikuwa umenyamaza. Tumu akalitambua hilo, akaogopa, akasema kwa haraka: "Wallahi, simwambii mtu."

"Mbona kimya huko?" akaita Bi Nana bila kugeuka. "Watu wakizungumza mimi siogopi. Wakinyamaza ndipo naogopa."

* * *

Alipakwa hina Alhamisi, na wote waliomwona walisema bibi harusi amekuwa mzuri kwa haya. Haikuwa haya. Aliketi mikono yake imefungwa vitambaa, akafumba jicho la kushoto, akajaribu kuuona ulimwengu alivyouona Khatibu. Mlango ukapotea. Mtungi ukapotea. Zubeda, binti ya jirani aliyekuwa akimpaka miguu, akapotea na akabaki sauti tu, ikisema utani ambao Tumu hakuusikia. Kisha akayafumba yote mawili, na hapo akapiga ukelele mdogo.

"Hina imekuchoma?" aliuliza Zubeda.

"Hapana. Endelea."

Nani wa kuambiwa? Ameapa. Akisema, Khatibu ataondoka na jicho lake na aibu yake, wasionane tena. Asiposema, ataondoka Jumamosi akiwa mumewe, na kitakachorudi hakijulikani. Kila njia aliyoigeukia ilikuwa na hofu imekaa mlangoni.

Ijumaa ikafika bila kumwuliza.

Baada ya Alasiri wanaume walijaa ukumbi wa mbele na baraza. Wanawake walikuwa ndani, wamembana Tumu katikati, ubani umefuka, asumini zimemwelemea kichwani. Alisikia sauti ya Khatibu mara moja, akiitikia salamu ya mtu, na mwili ukamsisimka wote.

Mambo yalikuwa yaende kama yalivyokwenda kwa kila msichana wa mji ule. Baba atakuja mlangoni na mashahidi wawili, asimame nyuma ya pazia, amwulize mwanawe kama ameridhia. Msichana atainamisha kichwa na kunyamaza. Mwanamwali hajibu, kimya chake ndiyo idhini yake. Wanawake watapiga vigelegele, baba atarudi kwa mwalimu anayefunga ndoa, maneno yatasomwa, na kwisha. Mamake Tumu aliolewa kwa kimya. Bi Nana aliolewa kwa kimya mara mbili.

Viatu vikasikika. Pazia likatikisika.

"Tumu binti Shee."

"Abee, baba."

"Khatibu bin Bakari ameniomba nimuozeshe wewe, kwa mahari ya msahafu na bangili mbili za dhahabu. Nimuozeshe?"

Tumu akainamisha kichwa. Kimya kikashuka, na alikiona kinavyokwenda kuchukuliwa, kipelekwe mbele, kiwe ndoa, kiwe garimoshi, kiwe ndege, kiwe konde moja pahala pake. Bi Nana alikwisha kuvuta pumzi ya kigelegele.

"Baba."

Pumzi ya Bi Nana ikakwama.

"Nina neno. Mahari ni ya nani?"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. "Ni yako," alisema Mzee Shee, taratibu, kama mtu anayepita penye utelezi.

"Basi msahafu ninao, ule wa mama. Na bangili sizitaki. Nataka glavu zake za ngumi. Zote mbili. Niwekewe mkononi kabla akdi haijafungwa. Na zikishakuwa zangu asizivae tena, wala asiazime za mtu mwingine."

Chumba kizima kikavuma.

"Ya Rabi!" alisema mwanamke mmoja. "Wenzio wanataka dhahabu, wewe wataka ngozi inayonuka jasho?"

"Na kuazima pia kamkataza," alisema Zubeda, akishika mdomo. "Huyu kaziba hata tundu la panya."

"Umeingiwa na nini?" aliuliza Mzee Shee. "Watu wamekaa, halua imekatwa, kesho mtu ana safari!"

"Ndiyo maana nazitaka leo, baba."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema. Nimeapa."

"Mbele ya nani?"

Mzee Shee alilisogelea pazia mpaka pumzi zake zikalitikisa, akasema kwa sauti iliyokuwa ya mwanawe tu: "Posa hii niliikataa mara mbili ukalia. Nikaikubali. Leo wanifedhehesha mbele ya watu, Tumu?"

Hilo lilimchoma kuliko yote. "Nisamehe, baba," alisema. Lakini hakulirudisha neno.

Mwalimu Jaffar, aliyekuwa ameitwa kuja kufunga akdi, alikuwa amesogea kusikiliza. "Mzee Shee," alisema kwa upole, "mahari ni haki yake. Akitaka kitu cha halali, sisi hatuna la kufanya ila kukifikisha. Twende tukakifikishe."

Wakaenda. Tumu akasikia neno likiingia ukumbini, kisha kicheko kikubwa cha wanaume. "Bibi harusi kamwangusha kabla ya kengele!" mtu alipaza sauti, na wengine wakapiga mapaja. Alisubiri sauti moja tu katika zile zote. Haikuja. Kicheko kikapungua, kikafa vipande vipande, kana kwamba waliokuwa wakicheka walimtazama Khatibu usoni mmoja mmoja.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Zubeda aliyekuwa dirishani akageuka.

"Katoka."

"Nani?"

"Bwana harusi. Katoka, hakusema neno. Kashika njia ya chini."

Njia ya chini ndiyo iendayo kivukoni. Tumu akaiangalia mikono yake ya hina. Amemvunja mbele ya watu. Alitaka kumwokoa, na kumbe amemsukuma mwenyewe mpaka kwenye feri, na kesho garimoshi litamchukua akiwa na jicho lake bovu na hasira, wala si mumewe wa kumwambia rudi.

Bi Nana akawatupia wanawake jicho, wakasogea. Akaketi ubavuni pa Tumu.

"Waogopa, mwanangu."

"Naogopa akienda. Naogopa asipokwenda."

"Jumatano," alisema Bi Nana, akimnyooshea ukanda wa asumini, "nilisikia sindano ikianguka. Kisha nikasikia mtu akiapishwa. Sikukuuliza siku ile, na leo sikuulizi." Akamshika mkono juu ya hina yake mpya. "Kaa nami tu."

Wakakaa. Feri ilipiga honi kule chini, na Tumu akaihesabu ile honi kama kishindo cha mlango unaofungwa. Huko mbele wanaume walizungumza kwa sauti za matangani. Kahawa ilipitishwa, ikapitishwa tena. Mtu mmoja aliaga. Wa pili akaaga. Babake hakusikika kabisa, na hilo ndilo lililokuwa zito.

Kisha kelele za baraza zikakatika ghafla.

Tumu alisikia hatua za mtu mmoja, polepole, zikipita katikati ya watu walionyamaza. Akasikia sauti ya Khatibu ikianza kusema. Haikuwa kubwa. Kutoka chumbani yalifika maneno mawili matatu tu, "Nakuru", na "mimi mwenyewe", na "si makosa yake". Halafu hakuna kitu. Halafu viatu vya Mzee Shee vikija, vizito.

Chini ya pazia likasukumwa sinia la mahari, limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Bi Nana akakifunua. Palikuwa na glavu mbili, kahawia, zimepasuka mishono penye kidole gumba, kamba zake zimefungwa pamoja. Juu yake, limekunjwa vizuri, lilikuwapo koti la kijani lenye nembo kifuani.

"Koti sikuliomba," alinong'ona Tumu.

"Alikwenda kwao kulifungua sanduku la safari," alisema Mzee Shee nyuma ya pazia. Sauti yake ilikuwa imezeeka. "Amerudi akasimama katikati ya watu, akasema mwenyewe. Jicho lake la kushoto halioni. Amemdanganya daktari, amemdanganya kila mtu, na wewe alikuapisha. Hasafiri. Kesho yule rafiki yake wa Kigiriama atampeleka Nairobi kwa garimoshi lile lile, lakini wateremke hospitali. Kama litapona, hapana ajuaye. Na kama la pili litabaki salama maisha yake yote, hilo pia mimi siwezi kukudhaminia."

Bi Nana akakiweka kitambaa kando.

"Wako waliokwisha kuvaa viatu," aliendelea Mzee Shee. "Wamekuja kuona koti, na koti ndilo hilo hapo sakafuni." Akakohoa. "Mimi nilisema nini siku ya kwanza?"

"Ulisema hutaniozesha mtu wa kupigwa," alijibu Tumu.

"Nilisema. Nami sikulirudisha neno lile, nilinyamaza tu kwa ajili ya koti, Mungu anisamehe. Sasa nimemsikia kwa masikio yangu, mbele ya Mwalimu Jaffar na watu wote, akisema hapigwi tena." Akalishika pazia. "Basi mimi langu limekwisha. Aliyebaki na la kusema ni wewe. Sikufichi, mwanangu, pengine utamshika mkono mtu huyu njia nzima. Ogopa kwanza, halafu unijibu."

Tumu alikwisha kuogopa. Alikuwa anaogopa hata wakati ule, hofu imemjaa mpaka kwenye ncha za vidole. Alichukua glavu moja, akaingiza mkono wake wa hina ndani yake. Ndani ilikuwa na unyevu bado. Ngozi ya ndani ilikuwa imekwisha kuchukua sura ya vidole vya Khatibu, vinne na kimoja, na vidole vyake vikapotea humo.

"Tumu binti Shee," alisema babake, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. "Khatibu bin Bakari, kwa mahari uliyoitaka. Nimuozeshe?"

Alikuwa na mengi. Angeweza kusema tangu Alasiri mpaka Magharibi.

Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Bi Nana safari hii hakufanya haraka. Alimtazama usoni, akangoja, akangoja tena mpaka akawa na hakika na kimya kile. Ndipo akakipiga kigelegele, na waliokuwa wamekwisha kuvaa viatu pale barazani wakavivua, wakarudi kuketi.